Mama anataka nimnyamazishe kakangu anayeitania saratani yake

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Langoni, Lamu. Mwaka 2022 nilimpa kakangu figo langu moja. Upasuaji ulifanyika Nairobi, na tangu hapo yeye huniita mwenye nyumba. Akija kwangu hupiga hodi na kusema, "Mwenye nyumba, mpangaji wako nimefika, tafadhali usinipandishie kodi." Wanangu huanza kucheka kabla hajavua viatu.

Mwaka jana alitokwa na mabaka ya zambarau mguuni, kisha mguu ukavimba. Tulidhani ni jua na maji ya chumvi, kwani yeye ni nahodha wa boti ya abiria kati ya hapa na Mokowe. Mombasa wakakata kipande cha ngozi wakakipima, majibu yakatoka: saratani ya Kaposi.

Daktari alitueleza kwa utulivu. Mtu aliyepandikizwa kiungo hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili, ili mwili usikikatae kiungo cha mwenziwe. Kinga ikishuka, virusi vilivyokuwa vimelala humo miaka na miaka hupata nafasi, na saratani hii huletwa na virusi vya namna hiyo. Nilimuuliza kama ni mimi niliyempelekea ndani ya figo. Akasema mara nyingi mgonjwa mwenyewe huwa navyo tangu zamani. Tiba huanza kwa kupunguza zile dawa, ila zikipunguzwa mno, figo nalo huweza kukataliwa, na hapo mtu hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa hiyo walimbadilishia moja wakampa sirolimasi, ambayo hulinda figo na wakati huohuo hupambana na uvimbe wa aina hii.

Daktari akaongeza kwamba dawa hiyo asili yake ni vijidudu vilivyopatikana katika udongo wa Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho mbali kabisa kwenye Bahari ya Pasifiki, udongo uliochukuliwa miaka ya 1960. Kakangu alikuwa amenyoosha mguu uliofungwa bendeji juu ya kiti. Akasema, "Daktari, mbona hukuanza na hilo? Mtu wa kisiwani kaletewa dawa na wa kisiwani mwenziwe. Hii ni ya nyumbani." Daktari alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu majibu yatoke.

Mama hacheki. Anasema ugonjwa ukifanyiwa mzaha hukasirika, na kwamba kakangu anamjaribu Mungu. Wageni wanaokuja kumjulia hali huingia na nyuso za matanga. Wanasoma dua, naye huitikia amina kwa moyo wote, lakini akisema neno la kuchekesha huinamisha vichwa. Mke wake analia jikoni. Mama ametuagiza tukiulizwa tuseme ni kidonda tu cha mguu, maana mtaani wapo wanaojua kwamba saratani ya Kaposi huwapata sana wenye ukimwi, na wameshaanza kunong'ona.

Shangazi, nisingependa udhani kwamba kakangu ni mtu asiyejua alichonacho. Simu yake hulia saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, na hata boti ikiwa katikati ya mkondo humwachia kijana wake usukani akameza tembe zake. Jirani alimletea balungi kutoka shambani, akalipokea kwa shukrani kisha akaligawa, kwa sababu balungi huvuruga nguvu ya dawa hizo mwilini. Siku hizi huvaa shati la mikono mirefu na kofia pana ya ukili, maana waliopandikizwa huwa rahisi pia kupata saratani ya ngozi kwa jua. Kliniki hakosi. Nilimuuliza kama haogopi. Akanijibu, "Naogopa sana. Lakini hofu hainipunguzii uvimbe, na nikicheka mchana, usiku napata usingizi." Mimi nasimama naye kwa hilo.

Sasa kuna harusi ya binamu yetu Mfunguo Mosi. Kwetu utani una wenyewe, binamu kwa binamu, mjukuu kwa babu, na hata msibani mtani huachwa aseme. Kakangu amepania kuwaambia mabinamu siku hiyo, kwa kinywa chake na kwa utani wake, kwamba ana saratani, aina yake ni hii, imetokana na hili, ili manong'ono yaishe. Mama alipopata habari aliniita chumbani, akafunga mlango. "Wewe ndiye uliyempa figo," akasema. "Ukimwambia anyamaze, hawezi kukukatalia."

Ni kweli, hawezi. Hilo ndilo linaloninyima raha. Kabla ya upasuaji niliitwa peke yangu, nikaulizwa kama kuna aliyenilazimisha au aliyeniahidi kitu. Nilijibu kwamba natoa kwa hiari na sidai chochote. Leo nikilitumia figo lile kumfunga mdomo, nitakuwa nimelifanya deni, na kila akiniita mwenye nyumba sote wawili tutajua kwamba kodi kweli imeanza kudaiwa.

Wala siwezi kumdharau mama. Miaka ile ya mashine ni yeye aliyekuwa akikaa naye kwenye benchi la hospitali saa nne nzima kila anaposafishwa damu, na ndiye aliyemlisha kwa mkono wake. Naona kwamba akimsikia mwanawe akitania ugonjwa, humwogopea zaidi, wala si ukali tu. Nikimwambia waziwazi "sitafanya ulivyoniagiza", ataona tumemwacha peke yake na hofu yake.

Naomba ushauri wako kwa haya. Nimjibu mama vipi, kwa adabu, kwamba figo nililotoa halinipi amri juu ya kakangu? Je, nimwombe kakangu akae kwanza na mama, wawili tu, amwambie kama alivyoniambia mimi kwamba anaogopa? Au nikifanya hivyo nitakuwa nimetoa siri aliyonipa mimi peke yangu? Na harusini, akianza kusema huku mama amekaa palepale, mimi nikae upande wa nani?

Wako,
Dada mtu, Langoni, Lamu