Moshi wa keratini nyuma ya pazia

Mhariri,

Nimefanya kazi ya saluni miaka tisa, Majengo halafu Kisauni, na sasa Idi yakaribia kila mtu ataka nywele zilale, basi naomba nafasi niseme ya keratini, ile dawa ya kunyoosha nywele inayopigiwa pasi ya moto.

Rilaksa, ile dawa ya zamani ya kulainisha nywele, twaijua ubaya wake. Wampaka mteja vaselini kwenye paji na nyuma ya masikio, akisema tu yachoma wakimbia naye kwenye sinki, ukichelewa arudi Jumatatu na gamba kisogoni. Ilipokuja keratini tukaambiwa hii ni protini tu haiunguzi, na bei yake juu. Kweli kichwani haichomi sana, lakini macho jamani! Ukipitisha pasi ya moto watoka moshi, na nyingi ya dawa hizi moshi wake una fomaldehaidi, ndo ile ya fomalini ya kuhifadhia maiti, ambayo watu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishasema tangu 2004 yaleta saratani kwa binadamu. Na saluni zetu mwazijua, mlango umefungwa, pazia zito limeshuka ili wapita njia wasione vichwa wazi, na stara siilalamikii hata kidogo, ila ule moshi utapita wapi utoke nje? Mteja akaa saa tatu ajiendea zake. Msichana wa pasi avuta wa huyu na wa yule mpaka usiku, wiki ya harusi ndo usiseme. Mimi pua ilikuwa yatoka damu nikidhani ni joto la Machi.

Ati mikebe mipya imeandikwa haina fomaldehaidi. Haya, mingine ina asidi ya glaioksiliki, na 2024 madaktari walieleza habari ya dada wa miaka 26 ambaye figo zilimuumia mara tatu, 2020, 2021 na 2022, kila mara katoka kunyoosha nywele kwa dawa yenye asidi hiyo.

Na Marekani mwaka 2022 watafiti waliofuata wanawake zaidi ya elfu 33 kwa karibu miaka 11 walikuta wanaonyoosha kwa dawa zaidi ya mara nne kwa mwaka, saratani ya mji wa mimba kwao ni zaidi ya maradufu. Bado ni ugonjwa wa wachache, simtishi mtu, ila retachi, yaani kurudia dawa kwenye nywele zilizoota, ya kila wiki nane ni mara sita kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe.

Naomba feni ya kutoa hewa ukutani, juu ya pazia, na mkebe uwe mezani mteja ausome. Bosi wangu mmoja alikuwa akimimina dawa kwenye chupa ya shampuu, wateja wasijue jina wakajinunulia wenyewe Marikiti. Nikamuuliza mna nini humo, akaniambia wee piga pasi.

Wale wa leseni nao huja, husoma karatasi ukutani na kuondoka, wajifuta machozi kama sisi.

Msusi wa zamani,
Kisauni, Mombasa