Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mto Mara Umebeba Nini?

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimo kwenye taarifa ya mhazini, na orodha ya vibali vya maji iko kwa katibu, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa yangu ya mwaka huu inahusu chakula kinachotoka nyikani kikaingia mtoni, kisha kikashuka hadi kwenye mafunjo na ziwani. Sisi wa upande wa chini wa Mara, kuanzia Serengeti na Tarime hadi Rorya na Butiama, tumezoea kuulizana maji yamefika kiasi gani. Yamebeba nini, hatuulizani.

Mto wetu una urefu wa kilomita 395 hivi. Unaanzia milima ya Mau kwa vijito vya Nyangores na Amala, unapita Maasai Mara na Serengeti, unaingia kwenye mafunjo, halafu unamwaga Ziwa Victoria karibu na Musoma. Katika safari hiyo wabebaji wakubwa wa mali ya nchi kavu kuingia majini ni wanyama, na wa kwanza ni kiboko.

Kiboko hula nyasi usiku na hurudi majini kabla ya jua kuchomoza. Karibu nusu ya kinyesi chake hukiacha mtoni. Watafiti waliofanya kazi upande wa Kenya walikadiria kuwa viboko zaidi ya 4,000 huingiza mtoni kilo 36,000 hivi za kinyesi kibichi kila siku, yaani kilo 9 kwa kila kiboko. Ndani yake mna kaboni kilo 3,500, naitrojeni kilo 490 na fosforasi kilo 48, zote kwa makadirio. Mna pia silika, ambayo nyasi huifyonza kutoka kwenye udongo. Diatomu, vile vijimea vya majini vyenye ganda kama kioo, haviwezi kujenga ganda hilo bila silika, na navyo ni chakula kizuri cha vijidudu wanaoliwa na samaki wadogo. Silika ikipungua ziwani, nafasi ya diatomu huchukuliwa na mwani wa bluu-kijani, ambao baadhi ya aina zake zina sumu. Kwa maneno mengine, nyasi za Maasai Mara zinachangia mlo wa samaki wa Musoma.

Mbebaji wa pili ni nyumbu. Kwa wastani nyumbu 6,250 huzama Mara kila mwaka wakati wa kuvuka, uzito wa tani 1,100 hivi. Tai na korongo mfuko-shingo, tunaowaona wamejaa kingoni, hula sehemu ndogo tu ya nyama hiyo, chini ya moja ya kumi. Inayobaki huoza majini kwa muda wa wiki 2 hadi 10, na samaki huila: katika kipindi hicho mzoga huwa theluthi hadi nusu ya mlo wao. Mifupa huchukua miaka 7 hivi kuisha. Juu yake huota utando wa vijidudu, na samaki huendelea kuukwangua miezi mingi baada ya nyama kwisha. Mifupa hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya fosforasi ya mnyama, ikitoka kidogo kidogo. Wanaopendekeza mto usafishwe mifupa wanapendekeza tuondoe akiba ya chakula.

Sasa nije kwenye hatari, kwa sababu mzigo uleule unaolisha mto unaweza kuua samaki wake. Kiangazi, mkondo unapodhoofika, kinyesi hutua chini ya mabwawa ya viboko. Bakteria wanaokiozesha humaliza oksijeni ya chini, na pasipo oksijeni hutokea amonia, methani na salfaidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai bovu. Bwawa hutulia hivyo kwa wiki kadhaa. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha juu, wimbi la maji hukoroga tope hilo lote na kulisukuma chini kwa mpigo mmoja. Katika miaka 3 ya upimaji, mawimbi 55 ya namna hiyo yalirekodiwa. 49 yalishusha oksijeni, na katika 13 ilishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, kiwango ambacho samaki wengi hawakivumilii. Samaki aina ya ningu hufa mapema. Kambare na kamongo hustahimili kwa sababu huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo mtu akiona kambare hai asidhani mto ni mzima.

Machi 2022 maji ya upande wa Kirumi, karibu na Mara unapoingia ziwani, yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilihusisha tukio hilo na upungufu wa oksijeni uliotokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Ubishi ulikuwa mkubwa. Msimamo wangu ni kwamba wingi wa kinyesi peke yake hautoshi kueleza maafa ya namna hii. Kinachoamua ni kiasi cha maji ya kukibeba, na muda kinaokaa kabla ya kusukumwa. Kwa hiyo kupunguza viboko si dawa. Dawa ni kulinda mkondo wa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa mazingira, na vibali vinakuja baada yake. Anayewasha pampu Agosti au Septemba wakati mto umebaki madimbwi anachukua maji ya akiba hiyo, hata kama ana kibali mkononi.

Kuhusu mifugo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa hiyo mabirika ya kunyweshea yawe nje ya mita hizo. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, hivyo kundi la 200 linahitaji lita 6,000 hadi 10,000. Birika liwe na koki ya boya, inayojifunga maji yakijaa, na lizungukwe na mawe au zege. Maji ya ziada yaelekezwe shambani, yasirudi mtoni. Mabirika mengi hushindwa kwa sababu ya tope: koki ikivuja, ng'ombe huzama hadi magotini, mchungaji huwarudisha mtoni, na ndani ya mwezi birika limeachwa.

Mafunjo yasichomwe wala kufyekwa kwa ajili ya mashamba ya kiangazi. Hupunguza kasi ya wimbi na kushika tope kabla halijafika ziwani.

Kamati inaomba idhini yenu kuanza kupima oksijeni wakati wa vuli, kwenye vituo kando ya mto. Kipimo kichukuliwe saa 12 alfajiri, kwa kuwa mchana mimea ya majini hutoa oksijeni na kuficha tatizo. Pimeni juu, kisha sentimita 20 kutoka chini, bila kugusa tope. Mita za kupimia oksijeni zenye utando zinahitaji kihisio kisogezwe polepole majini, la sivyo husoma chini ya kiwango halisi. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,135 hivi, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa yana miligramu 7.2 kwa lita. Kipimio kikionyesha 8.3 kwenye maji ya namna hiyo, hakijarekebishwa kwa mwinuko, na vipimo vya siku hiyo visiandikwe. Oksijeni ikishuka chini ya 4, mpimaji apige simu kwa kituo kinachofuata chini yake papo hapo, ili wenye vizimba vya samaki wasitishe kulisha na wanaoteka maji ya kunywa watumie visima. Kila kituo kinahitaji watu wawili. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla ya mkutano kufungwa.