Kwa vijana wapiga picha wa Unguja na Pemba: kabla hamjaziuza Nikon zenu

Wanangu,

Assalaam alaykum. Msimu wa harusi ukiisha, wengi wenu mnauza kamera ili mnunue ya jina jengine, kwa kuwa mwenzenu kaja nayo kutoka Dubai. Kaeni kwanza mhesabu lenzi na flashi, si bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Mwenye bodi moja na lenzi ya 18-55 peke yake hapotezi kitu, ahame akitaka. Mwenye lenzi nne na flashi mbili ataanza upya.

Mimi nasema bakini. Pete ya kufungia lenzi iliyoanza na kamera ya Nikon F mwaka 1959 ndiyo iliyofika mpaka kamera ya D6, kwa hivyo lenzi kuukuu bado zina kazi. Ila si kila lenzi na kila bodi, na hapa ndipo fedha zinapopotea. Lenzi za kabla ya Ai, mfumo wa Nikon wa lenzi kuiambia kamera aparcha yake (tundu linalopitisha mwanga), yaani kabla ya 1977, zinaweza kuvunja kijino cha aparcha kwenye bodi kama D750. Ikigoma kuingia, msilazimishe. Lenzi za AF-D, za kizazi cha zamani, hazina mota ya kufokasi. Huzungushwa na bisibisi ndogo iliyomo kwenye bodi. D7200 na D750 wanayo, D3500 na D5600 hawana, na huko mtafokasi kwa mkono. Adapta ya FTZ, inayofungia lenzi hizi kwenye kamera mpya za Nikon za Z, nayo haina bisibisi hiyo, basi mkihamia kamera za Z, AF-D zitabaki za mkono. AF-S, zenye mota ndani yake, zitafokasi zenyewe.

Na mkono nao una mazoea yake. Pete ya zumu ya Nikon kwa kawaida huzungushwa kinyume na ya Canon. Mkihama, mkono utaizungusha kinyume, na ijabu na kabuli ni sekunde chache tu, na kadhi hatarudia kwa ajili yenu.

Mnapolalamika kwamba kamera imechoka, mara nyingi ni hewa yetu, khasa wakati wa masika. Msihifadhi lenzi kwenye mkoba wa ngozi, unashika unyevu na kuotesha kuvu. Chukueni boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, mtie silika (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, kisome kati ya asilimia 40 na 50. Mchele hapana, vumbi lake huingia kwenye pete. Mkitoka Paje au Nungwi, futeni bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya chupa, kisha kikavu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Mkitoka chumba chenye kiyoyozi, iacheni kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa, la sivyo kioo kitatoka jasho.

Mkinunua lenzi ya mtumba, fungueni aparcha yote, muangaze tochi ya simu kutoka nyuma huku mkitazama kwa mbele. Mkiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Rudisheni, hata kama bei ni ya kutupa.