Kakangu, ukuta wa Bibi usiupige simiti

Kakangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Nimeupata ujumbe wako kwamba fundi atakuja baada ya Idi, abandue plasta yote ya zamani apige simiti. Nakuomba umsimamishe.

Choo cha chini tulikipiga simiti miaka sita iliyopita, kwa nia njema. Leo ukiweka kiganja ukutani kinatoka na majimaji. Chumvi imechanua kama unga, na simiti yenyewe inabanduka vipande vipande. Hatua tatu kutoka hapo, ukuta wenye chokaa ya wazee ni mkavu. Mawe yetu ni matumbawe, kakangu. Yanafyonza maji ya ardhini na ya masika, kisha yanayatoa polepole kupitia chokaa. Simiti inayafungia ndani, nayo yanapanda mpaka kwenye ncha za boriti. Boriti huozea hapo hapo, zilipoingia ukutani, mahali jicho halifiki.

Unasema vyumba ni vyembamba mno. Aliyevipima ni boriti. Mti wa mkoko ukizidi mita 3 hivi hunesa kwa uzito wa dari ya mawe na chokaa, basi wazee wakavirefusha vyumba badala ya kuvipanua, wakavipanga kimoja nyuma ya chenzake. Ukitoka kiwandani, yaani uani, unaingia msana, ule ukumbi mrefu, kisha chumba cha ndani, na kila hatua mwanga unapungua na baridi inazidi, hadi unafika kwenye zidaka, zile shubaka za nakshi ukutani.

Zidaka hizo ndizo zinazoniuma zaidi. Juzi nilipanda ngazi na tochi kukitazama kile alichokuwa Bibi akiweka bakuli lake la kauri. Kwenye ukingo wa nakshi, alama za kisu cha fundi bado zinaonekana, na mahali pamoja ameteleza kidogo, akarekebisha kwa jani dogo lisilo na mwenzake. Nyundo ya kubandua plasta haitaliona jani hilo.

Najua mji wa kale unalindwa kisheria tangu 1986, na UNESCO wakautia katika urithi wa dunia 2001. Lakini sikuandikii kwa kuogopa serikali. Naandika kwa kuwa nyumba hii ni yetu, na ni nzima.

Zile pesa za simiti nitumie, ninunue chokaa sasa ilowekwe mapema. Mzee mmoja wa mtaani anaijua kazi hii na amekubali. Tutaanza na choo, kabla ya masika.

Nduguyo.