Risala ya Klabu ya Filamu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu walezi, wageni waalikwa,

Karibu sana kwetu. Filamu tutakayoitazama pamoja leo, The Battle of the Somme (Mapigano ya Somme), haina sauti na ina umri wa zaidi ya miaka 100. Tumeichagua ili tumuenzi Geoffrey Malins, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1886, mmoja wa wapigapicha rasmi wa kwanza wa filamu katika jeshi la nchi yake.

Mwishoni mwa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipewa kazi hiyo huko Ufaransa. Kamera yake ilikaa juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono. Risasi zikipita, askari hulala chini; yeye ilimbidi abaki kwenye mpini.

Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916, karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel katika eneo la Somme, alielekeza lenzi kwenye ngome ya Wajerumani iliyofukiwa baruti chini yake. Alianza kuzungusha mapema, hofu ikampanda kwamba mkanda utaisha kabla ya mlipuko. Saa 1:20 ardhi ikainuka, naye akainasa. Siku hiyo moja waliuawa askari 19,240 wa Uingereza.

Picha zake, pamoja na za mwenzake J. B. McDowell, zilifika kwenye kumbi za Uingereza Agosti mwaka huohuo. Inakadiriwa tiketi milioni 20 ziliuzwa katika wiki 6. Watu waliingia wakitafuta sura za watoto na waume zao.

Mheshimiwa, kipande kimoja kimetugawa kwa wiki kadhaa: askari wanapanda kutoka handakini, wengine wanaanguka. Wanahistoria wengi wanaamini kiliigizwa mbali na mapigano. Baadhi yetu walikitetea, kwa kuwa kamera ile isingeweza kufika pale. Klabu haikukubali. Majeruhi tunaowaona wakibebwa mabegani ni wa kweli, na mtazamaji aliyempoteza mwanawe alistahili kuambiwa lipi ni igizo. Tumeazimia kuliandika hilo wazi katika kila filamu yetu.

Malins alifariki Afrika Kusini mwaka 1940. Filamu yenyewe iliingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2005, kwa sababu kuna waliotunza mikanda. Sisi tumerekodi simulizi za wazee wa mtaa huu, nazo zimo kwenye simu zetu tu. Tunakuomba utusaidie kupata diski za kuhifadhia na projekta.

Tunaomba kuwasilisha.