Barua kwa wanangu mlioingia uhandisi wa kemikali

Wanangu,

Mlikuja mkiwaza kutengeneza dawa, mkajikuta mnakesha na hesabu za kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki ndani. Mizania ya masi, mizania ya nishati, kisha tena ya masi. Vumilieni. Hesabu hizo ndizo fani yenyewe, mengine ni mapambo. (Natia chumvi, ila si nyingi.)

Nikiwa na umri wenu nilikuwa na mmenyuko uliotulia kabisa kwenye chupa ya nusu lita. Kwa kiburi cha ujana nikauhamishia kwenye tangi la lita 200 lenye umbo lilelile. Ujazo ukaongezeka mara 400, ukuta wa kupoozea kama mara 54 tu. Joto huzaliwa kwenye ujazo wote lakini hutoka kupitia ukuta tu, kwa hiyo langu likakosa njia. Valvu ya usalama ilituokoa. Siku mbili tulikwangua sakafu.

Penisilini nayo ilikwama hapohapo, baina ya chupa na tangi. Fleming aliigundua mwaka 1928, lakini ukungu unaoitengeneza huhitaji hewa, na ndani ya tangi refu hewa haienei isipopulizwa na kukorogwa, tena bila kuingiza bakteria wageni. Kiwanda cha kwanza cha kibiashara kilisanifiwa na Margaret Hutchinson Rousseau, mhandisi wa kemikali aliyepata uzamivu wake mwaka 1937.

Basi, mko chuo cha utafiti: ingieni maabara mapema, hata kama mtaanza kwa kuosha vyombo. Msichague msimamizi kwa umaarufu wake. Waulizeni wanafunzi wake wanamwona mara ngapi kwa mwezi.

Mnaoelekea kwenye vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko, mtazameni Frances Arnold, mshindi wa Nobeli ya kemia mwaka 2018. Njia yake ni kubadilisha kibahati jeni ya kimeng'enya, kuchuja kilicho bora, kisha kurudia. Mabadiliko mengi huwa hayafai kitu, na bado lazima yapimwe. Kwa hiyo daftari lenu lionyeshe tarehe, halijoto, na hasa kilichoharibika. Msirarue ukurasa wa aibu. Wangu ninao mpaka leo, una doa la kahawia.

Na atakayeniandikia kuhusu kuhamia tangi kubwa, aambatanishe hesabu ya joto. Bila hiyo sijibu.

Mzee wenu