Wimbo umevuma, karatasi ziko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi. Msanii wetu wa Unguja au Pemba akivuma kwa wimbo mmoja kisha akanyamaza, hatukawii kusema kalewa sifa, au karogwa. Mara nyingi kilichomponza ni kukosa karatasi zinazoonesha wimbo ni wa nani.

Hata Marekani yapo. Mwaka 1968 Jeannie C. Riley, mwimbaji wa country, muziki wa mashambani wa kule, aliyekuwa karani mjini Nashville, alirikodi "Harper Valley PTA". Wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya country na chati kuu ya nchi, jambo ambalo kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya kwa wimbo mmoja; Dolly Parton alilifikia 1981. Husemwa kwamba baada ya hapo Riley alizama. Hakuzama: hadi 1971 alikuwa na nyimbo nyengine kadhaa ndani ya kumi bora za country. Ila ule uliomtoa aliutunga Tom T. Hall, na redio za kawaida za kule, za AM na FM, humlipa mtunzi na mchapishaji wake tu. Mwimbaji hapati hata senti kwao.

Sisi wa taarabu tuwe wa kwanza kulielewa hili. Mashairi ya mmoja, muziki wa mwengine, sauti ya wa tatu, na anayetunzwa noti ukumbini ni huyo wa tatu. Ukumbini hapana tabu. Tabu huanza wimbo unapoingia redioni na mtandaoni.

Basi kabla ya kutoka studio iandikwe karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya mtunzi, mtia muziki na mwimbaji, fungu la kila mmoja hadi jumla itimie 100, na saini zao wote. Kisha wimbo ukasajiliwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa majina hayo hayo. Biti iliyonunuliwa kwa bei chee mtandaoni kwa kawaida huuzwa kwa wengi. Mfumo wa YouTube ukiitambua kuwa ni ya mwengine, mapato yanaweza kwenda kwa huyo.

Prodyuza aombwe faili la WAV, yaani rikodi kamili isiyobanwa, pamoja na kila ala peke yake, vihifadhiwe sehemu mbili. MP3 ya WhatsApp si kitu cha kutegemea. Kikundi kinachopiga pamoja chumba kimoja kina shida yake: sauti za ala kama fidla na kanuni huingia kwenye maiki ya mwimbaji, na baadaye sauti haichomoki. Siku hiyo hiyo pigeni tena wimbo mzima bila mwimbaji. Filamu au tangazo likihitaji muziki mtupu, mnao.

Mtandaoni kila rikodi hupewa namba ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye tarakimu na herufi 12. Msanii anapohama msambazaji, yaani kampuni inayomwekea nyimbo mtandaoni, bila kuichukua namba ya zamani, wimbo hupewa mpya na hesabu ya wasikilizaji huanza sifuri. Hapo ndipo watu husema "kaporomoka".

Wimbo wa pili nao usiwe pacha wa wa kwanza. Wanaoshauri kurudia ule ule wanaita biashara. Mimi naona uvivu.

Na watangazaji wetu, mkimtaja mwimbaji mtajeni na mtunzi, na wimbo mliopiga uandikwe kwenye daftari la zamu kwa jina lake kamili. Pasipo daftari hilo, hakuna pa kuanzia kugawa mirabaha, yaani malipo ya wimbo kutumiwa.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba